Mama Muganga Aliyetufundisha Kutulia

Mwanamke aliyetufundisha kutulia alikuwa mwenyewe hajui kutulia hata kidogo. Alitembea kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, na mara nyingi kweli alikuwa ameiacha. Alivuka barabara huku akiongea, akiwagombeza wenye pikipiki na kuwauliza habari za mama zao kwa pumzi hiyohiyo, kwa maana wengi wao aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Chai aliinywa ikiwa bado inaunguza, kisha akailaumu chai.

Tulimwita Mama Muganga. Kwetu Kasongo, mji wa Maniema, mtu yeyote aliyewahi kuvaa koti jeupe hospitalini ni muganga, awe daktari au muuguzi. Yeye alikuwa muuguzi mpaka walipompumzisha kwa ajili ya umri, na kupumzika hakukumkaa vizuri. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila sikusikia mtu akilitumia isipokuwa padri, na hata padri alilitumia kwa tahadhari.

Nilimjua kwa sababu ya binti yangu. Feza ni mwanamke mzima sasa. Utotoni alichelewa sana kusema, na alipoanza alisema kweli tupu, hata majirani wakatamani angechelewa zaidi. Hamtazami mtu machoni. Kelele zinamwumiza kama jeraha lililoguswa, na akizidiwa hupiga kichwa ukutani au hujing'ata mkono. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sokoni. Siku moja jirani mmoja wa pale aliwasha kipaza sauti kutangaza bei za simu, na Feza, aliyekuwa amekaa miguuni pangu, akapiga kichwa kwenye meza mpaka damu ikatoka. Watu wakakusanyika. Wakasema ni pepo.

Jua halijazama, habari ilishafika Kabambare kwa kaka yangu, ambaye tangu mume wangu afariki ndiye mkubwa wetu. Kaka akapiga simu. Alisema kuna mchungaji kule mwenye nyumba ya maombi, na Feza apelekwe, akae mle mpaka pepo litoke. Sikubishana naye. Nilipanda pikipiki nikaenda kuiona hiyo nyumba kwa macho yangu. Nilimkuta msichana wa umri wa Feza amefungwa kamba ya mguu kwenye nguzo, akaniomba maji. Nilirudi Kasongo nimeapa kwamba binti yangu hataingia mle. Lakini kuapa peke yako barabarani ni rahisi. Kumkatalia kaka mkubwa mbele ya ukoo ni shughuli nyingine, na mimi niliogopa.

Mama Muganga alikuja kufunga jeraha la Feza bila kuitwa. Alikuwa amerudi kutoka Bukavu kwenye mafunzo, na huko alipata neno ambalo vitabuni huandikwa usonji, yeye akilitamka kwa Kifaransa.

"Feza hana pepo," alisema huku akikata bendeji kwa meno. "Yeye iko na otisme. Alizaliwa vile, atazeeka vile."

Nikamuuliza kama dawa iko.

"Dawa haiko, kwa sababu haiko ugonjwa wa kupona. Lakini ule woga unaomukamata, tunaweza kumufundisha auone kabla haujamuangusha."

Nilimpenda kuanzia hapo, ingawa alikuwa amekalia kitambaa cha mteja wangu.

Kitu alichokileta kutoka Bukavu alikiita zoezi la kujisikiliza. Unakaa, unaacha kukimbizana na mawazo, unaangalia kilichopo sasa: pumzi inayoingia, miguu inayogusa chini, joto linalopanda kifuani. Huamui kama ni kizuri au kibaya. Unakiangalia tu. Alisema kule Bukavu aliona watu wenye usonji, vijana kwa wazee, ambao kwa zoezi hilo walipunguza hofu yao na wakapata usingizi. Aliamua kwamba Kasongo nayo ipate. Akaazima chumba karibu na parokia, akazunguka nyumba kwa nyumba kwa wazazi waliokuwa wanawaficha watoto wao, wa msikitini na wa kanisani bila kubagua, na aliyekataa kuja aligombezwa mpaka akaja.

Siku ya kwanza ilikuwa fedheha tamu ambayo hatukuacha kuicheka. Mama Muganga alisimama mbele, akatuambia tufumbe macho, tunyamaze, tufuate pumzi. Sasa mwambie mtu wa Maniema afumbe macho na kunyamaza katikati ya wenzake, uone atafanya nini. Wakristo wakainamisha vichwa. Waislamu wakafungua viganja. Kimya kikawa kirefu na kizuri, na Mama Muganga alipopumua ili aseme neno linalofuata, chumba kizima kikaitikia amina. Akasema haiko maombi, tuanze upya. Tukaanza upya. Tukasema amina upya.

Wiki iliyofuata mji wote ulijua kwamba muuguzi mstaafu amefungua kanisa. Mama mmoja alitoka Lusangi na kuku wa sadaka na mgongo unaomsumbua. Mama Muganga alimfokea kwa sababu ya kuku, akamkanda mgongo, akamrudisha na kuku wake na vidonge. Padri naye alituma mtu kuuliza. Alijibiwa maneno ambayo yule mjumbe, kwa heshima, hakuyafikisha yote.

Lakini kosa lenyewe halikuwa amina. Kosa lilikuwa kwa Feza. Alipoambiwa afuate pumzi alitii kabisa, kama anavyotii kila kitu kabisa. Aliifuata pumzi ndani na nje mpaka uso ukamloa jasho, kisha akaanza kupiga kelele. Nilimtoa nje. Baadaye sana alitueleza kwamba aliogopa, kwa kuwa akiacha kuiangalia ile pumzi itasimama.

Mama Muganga alikuja nyumbani jioni ile. Nilitegemea atalaumu chumba, au joto, au mimi. Alikaa kwenye kigoda akasema, mbele ya Feza na kwa Feza, "Nilikosa. Pumzi haiko ya kila mutu. Utanionyesha yako." Katika maisha yangu nimewasikia waganga wengi wakieleza kwa nini mgonjwa amekosea. Huyu alikuwa wa kwanza kusema kinyume chake, na nililia kidogo.

Feza alimwonyesha. Hakumwonyesha kwa maneno. Kesho yake alikuwa amekaa na lungo la mchele akichagua mawe, kazi anayoipenda kuliko chakula chenyewe, kwa maana mchele wetu wa Kasongo ni mtamu lakini una mawe ya kumvunja mtu meno. Vidole vinakwenda, jiwe linatoka, vidole vinakwenda. Mama Muganga akamtazama muda mrefu, kwa kipimo chake cha muda mrefu, kisha akavuta kigoda akaanza kuchagua naye. Tangu siku hiyo chumba cha parokia kikabadilika. Hakuna aliyefumba macho tena. Wengine walichagua mchele, mmoja alisuka mkeka, mwingine alisimama peku kwenye udongo wenye maji akisikiliza nyayo zake. Amina zikakoma zenyewe, kwa sababu hakuna anayesema amina juu ya mchele mbichi.

Katikati ya kazi hiyo ndipo alipouliza swali lake. Aliliuliza kwa kila mtu: "Iko wapi?" Maana yake ni hasira hiyo, au woga huo, au furaha hiyo, iko sehemu gani ya mwili sasa hivi. Aliwauliza wagonjwa, akawauliza wapita njia. Alimuuliza polisi aliyekuwa amemsimamisha dereva wa pikipiki aliyempakia. Polisi akafikiri, akagusa tumbo, akasema hajala tangu asubuhi, na Mama Muganga akamkatia kipande cha mkate. Wahuni wa kituo cha pikipiki wakamwita Mama Iko Wapi, na yeye akajifanya hajasikia, ingawa alisikia kila kitu.

Feza hakulijibu swali hilo kwa miezi na miezi. Mama Muganga aliuliza, akangoja, akaendelea na mawe. Mimi ndiye niliyekata tamaa. Halafu siku moja, mvua inatishia na radi inanguruma upande wa mto, Feza akasema bila kuinua macho, "Iko mu magoti."

"Mu magoti?" Mama Muganga aliuliza, kama aliyeambiwa bei ya chumvi.

"Inaanzia mu magoti. Inapanda mu tumbo. Ikifika mu shingo, mi siko tena."

Miaka yote ile nilikuwa nafikiri kwamba mambo ya Feza yanamjia ghafla, kama mtu aliyesukumwa. Kumbe yalikuwa na njia yake, na yeye aliijua njia hiyo kituo kwa kituo, ila hatukuwa tumemuuliza kwa subira ya kutosha. Kuanzia hapo kazi ikawa moja tu. Joto hilo likiwa magotini, aendelee. Likifika tumboni, atoke, akae mahali pa kimya na kitu mkononi mpaka lishuke. Mama Muganga hakumfundisha kuvumilia. Alichukia neno hilo. Alisema kuvumilia ni kazi ya punda wa mizigo.

Nisimfanye malaika. Alituambia tusimlazimishe mtu mwenye usonji kusalimu, kisha akamkimbiza mwanafunzi mzima njia nzima kwa sababu alipita bila kumwamkia. Alikataza maombi chumbani, na nyumbani alimsalia Feza rozari. Nilimfuma, akasema anahesabu nguo za kufua. Akitufundisha kusikiliza harufu na sauti za mahali tulipo, maharage yake yaliungua jikoni, wala hakuyasikia mpaka Feza alipomwambia kwa utulivu kwamba yameshakuwa makaa. Simu hakupokea. Akikupigia yeye, usipopokea mara ya kwanza, alikuwa ameshafika mlangoni.

Na alipenda ugomvi, hilo lazima niliseme. Kaka yangu alipokuja Kasongo kuulizia lini nitampeleka Feza, Mama Muganga alifika kabla sijaivisha ugali. Kaka ni mtu mpole wa kanisani, anampenda mpwa wake kwa njia yake, na aliamini kabisa kwamba anamwokoa. Alieleza habari za pepo kwa upole. Mama Muganga alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingetosha kunitia wasiwasi, kisha akasema yeye amekwisha kuosha vidonda vya kamba kwenye miguu ya watu waliotoka katika nyumba kama ile, na pepo hakuliona. Kaka akapandisha sauti. Akamuuliza yeye ni nani katika ukoo wetu.

"Mi siko mutu wa ukoo," alisema. "Lakini hiyo hasira yako, baba, iko wapi? Iko mu kifua ao mu kichwa?"

Kaka alivaa kofia akaondoka, ugali akauacha. Mlangoni aliniambia kwamba siku tutakapokutana tena Kabambare, Feza atabaki. Mama Muganga alikula ule ugali, nami sikulala vizuri kwa muda mrefu.

Tulikutana Kabambare mwaka uliofuata, mama yetu alipofariki. Kaka alituma habari mbili kwa simu moja: mazishi ni kesho kutwa, na mchungaji ameshaambiwa, atakuja kumchukua Feza jioni ya mazishi. Kutokwenda kwenye kilio cha mama yangu mzazi haikuwezekana. Kumwacha Feza peke yake Kasongo haikuwezekana vilevile. Nilikwenda kwa Mama Muganga kuuliza nifanye nini. Wakati huo alikuwa amezeeka vibaya, nyonga zinamwuma, anatembelea fimbo aliyoitumia zaidi kuonyeshea watu makosa yao. Alisema, "Tunaenda."

Ile barabara si ya kumpitishia mzee. Alipanda pikipiki nyuma ya dereva, amefungwa kiunoni kwa kikwembe, kitenge chake, ili asidondoke, na alimgombeza dereva kuanzia Kasongo mpaka Kabambare, kila shimo na jina lake. Feza alikuwa pamoja nami kwenye pikipiki nyingine, ametulia. Anapenda mngurumo ule kwa sababu haubadiliki.

Kilio chetu hakina nafasi ya mtu asiyependa kelele. Nyumba ilikuwa imetolewa viti vyote, wanawake tumejaa kwenye mikeka, na kila kundi jipya linapoingia sauti hupanda upya tangu mwanzo. Kaka alikuwa amekaa pa mlango na wazee wenzake, akipokea watu. Baada ya mazishi tulirudi mle ndani tukakaa, Feza katikati yangu na Mama Muganga, ana kokwa za mchikichi mkononi anazigeuzageuza. Kundi la kwanza likaingia, akakaa. La pili likaingia kutoka upande wa ukoo wa baba, wengi, wakalia kwa nguvu. Nikaona vidole vyake vinakwenda haraka. Nilimkamata kikwembe. Nilitaka avumilie, kidogo tu, kaka asione.

Mama Muganga aliutoa mkono wangu akaushika yeye. "Muachilie," akasema.

Feza akasimama. Hakutoka kwa kukimbia. Alipita katikati ya miguu ya wanawake mpaka kwa kaka, akasimama mbele yake akitazama boriti za paa.

Kwetu mgeni haondoki hivihivi. Anaomba njia, na mwenye nyumba lazima ajibu, kwa maneno, wote wakisikia. Mtoto haombi njia, anakimbia tu kucheza. Mtu aliyerukwa na akili naye haombi, wala hakuna anayemtegemea aombe. Anayeomba njia ni mtu mzima, na anayejibu anajibu mtu mzima mwenzake.

"Mujomba," Feza alisema, "naomba njia. Joto imefika mu tumbo. Nikibaki nitapiga kichwa. Naenda kukaa kule pa kinu, nitarudi."

Waliokuwa karibu wakanyamaza, na kimya kikaenea mpaka nyuma. Kaka alimtazama. Akanitazama mimi. Wazee walikuwa wanangoja, kwa sababu njia ikiombwa haiachwi bila jibu.

"Njia iko, mama," kaka akasema. "Enda. Utatukuta."

Feza akatoka. Mama Muganga alikuwa bado ameshika mkono wangu. Aliniinamia sikioni.

"Hiyo, siye mi niliyemufundisha," alinong'ona. "Kuomba njia, siye mi."

Wala si mimi. Maneno hayo aliyachukua mwenyewe, kwa miaka yote aliyokaa miguuni pa cherehani akisikia wageni wanavyoagana, sisi tukidhani hasikii.

Kilio kikaanza tena. Kutoka pale nilipokaa nilimwona kaka akimwita kijana mmoja wa kanisani kwake na kumwambia aende kwa mchungaji. Nilisikia maneno ya mwisho tu: asikuje leo, asikuje kabisa. Kaka hakunitazama alipoyasema. Alijifuta uso, akaendelea kupokea watu.

Feza alirudi kama alivyosema. Kaka alimwona anakuja, akainuka, na mkubwa wa ukoo alipoinuka wazee wote wakalazimika kusogea. Alivuta mkeka mwenyewe, akautandika karibu na kizingiti.

"Kaa hapa pa mulango," alimwambia. "Ukitaka kutoka, toka. Usiombe tena."

Feza akakaa. Ndipo Mama Muganga aliposhindwa kujizuia. Aliangua kilio kwa sauti yote aliyokuwa nayo, sauti iliyowahi kusimamisha pikipiki, akilia na kucheka ndani ya kilio hichohicho, na wanawake wa Kabambare, wakidhani anamlilia mama yangu ambaye hakuwahi kumwona, wakaitikia wote kwa pamoja mpaka bati zikatikisika. Feza akaziba masikio kwa mikono miwili, akasimama, akatoka zake nje, na kaka akasogeza miguu kumpisha.